Mashine Iliyonidhania Mwizi

Zamani vipindi vyote vya redio yetu hapa Kasulu vilikaa kwenye diski za nje ndani ya droo yangu, pamoja na majani ya chai. Nikitaka sauti ya mtu niliyewahi kumhoji, nilivuta droo. Kisha wafadhili wakaja, wakaiona droo, wakatazamana. Baada ya miezi kadhaa tuliletewa kabati jeusi la chuma, hifadhi ya data inayotumia flashi pekee, aina inayowekwa kwenye mabenki. Haina diski inayozunguka na haiungurumi. Sifa yake kubwa, tulivyoelezwa kwenye semina, ni kuwatambua wezi wa mtandaoni wanaoingia kimyakimya, wakayafunga mafaili ya watu kwa nywila, kisha wakadai fidia. Ikiona mtu anafunga mafaili mengi kwa mkupuo na kufuta yale ya awali, inahifadhi nakala ya kila kitu kama kilivyokuwa, mahali ambapo hata mkurugenzi hawezi kuifuta. Halafu inamfungia mtu huyo nje.

Kumfungulia kunahitaji wakubwa wawili wabonyeze kibali, kila mmoja kwenye simu yake. Fundi wa Dar es Salaam, anayelisimamia kabati kwa mbali, alitushauri tuchague watu wasiokaa pamoja. Sisi tukachagua kwa heshima: mkurugenzi na naibu wake. Kumruka naibu kungeleta maneno ofisini mpaka mwisho wa mwaka. Kwamba redio ina gari moja, na kwamba hao wawili hupanda gari hilo pamoja kila waendako, hakuna aliyekumbusha. Nilikuwepo kwenye kikao hicho, mimi na shahada yangu, nikila sambusa.

Siku ninayoisimulia, wakubwa walikwenda Kitahana kumzika baba mkwe wa naibu. Mkurugenzi, mguu mmoja ukiwa tayari garini, aliniagiza nizifunge kumbukumbu zote za zamani. Alikuwa amesikia habari za wezi hao na hakulala vizuri.

"Weka nywila kila moja," alisema, "na zile zilizo wazi uzifute."

Nikafanya kama mtu anayehama nyumba: kufuli kila mlango, funguo mfukoni. Sikuwa nimefika mbali skrini ilipogeuka nyekundu, jina langu juu yake, na maelezo ya upole kwamba mwenendo wangu unatiliwa shaka.

Mgeni wangu alikuwa ameshaketi kwenye benchi. Ni mama mkulima wa Kagerankanda, umri wangu hivi, aliyeolewa huko na kupata uraia miaka mingi kabla mama yake mzazi hajavuka kutoka Burundi na kuingia kambi ya Nduta. Mama huyo alikuwa amefariki kambini. Jioni ile ukoo ulikuwa unakutana kuondoa tanga, na mgeni wangu alikuwa ameahidi kuleta sauti.

"Wajukuu hawakumsikia hata siku moja," aliniambia. "Kibali cha kutoka kambini kilikuwa shida, na sisi nauli ilikuwa shida. Mtoto wangu mkubwa ananiuliza, bibi alikuwa anaongea vipi? Nikasema, ngoja, redio wanaye."

Redio tulikuwa naye, ndani ya kabati. Nilikwenda Nduta kumhoji mwenyewe.

Nilimpigia fundi. Ni kijana, na ananiita mzee kwa namna inayoniuma mgongo.

"Mzee, usiguse kitu. Usizime, na usiondoke hapo, nikikuhitaji uwepo."

"Mwizi mwenyewe ni mimi."

"Ndivyo wanavyosemaga wote. Watafute wakubwa wako wabonyeze."

Simu ya mkurugenzi iliita bila kupokelewa. Ya naibu vilevile. Nikampata dereva.

"Wameingia msibani," alisema. "Simu zote mbili wameniachia hapa kwenye dashibodi. Zinaita kwa zamu, nimeziona."

"Wapelekee basi."

"Bro, nimpelekee mtu simu kaburini? Nani atanipa kazi tena?"

Alikuwa na haki. Kwetu mtu haondoki msibani wafiwa wakiwa bado wanaongea, na simu haiiti palipo na jeneza. Baada ya kuzika kuna hotuba, na baada ya hotuba kuna wali. Nikarudi kukaa. Chumba hakina dirisha, kwa ajili ya usalama wa kabati, na kiyoyozi kimewekwa kwa starehe ya kabati pia. Mgeni wangu alijifunika kitenge cha pili. Mimi nilivaa koti la mvua la mlinzi.

"Gari la mwisho la Kagerankanda linaondoka alasiri," alisema.

"Najua, dada."

"Wewe huwezi kutoka?"

"Nimeambiwa nisitoke."

"Kumbe umefungwa na wewe." Akaniangalia lile koti. "Mama alikuwa hivyohivyo kule. Kukaa, kusubiri mtu aandike, aruhusu. Ila yeye hakuiba."

Alasiri ilifika na gari likaondoka. Aliisikia honi yake barabarani, akakunja mikono. Niliwaza kumwomba radhi, nikaona nitampa kazi ya kunijibu.

Ndipo dereva akapiga. Wamekula, wamepewa simu, wanabonyeza. Kufumba na kufumbua fundi wa Dar alikuwa ameirudisha nakala ya asubuhi. Akaniingiza kwa jina lake, nikafungua kipindi chetu kilichokwenda hewani, cha kupendeza, chenye muziki. Mama wa watu alisikika kwa sentensi chache. Zilizobaki zilikuwa zangu, juu ya dhana ya nyumbani.

"Huyu ni wewe," alisema mgeni wangu.

Mahojiano mazima, yasiyokatwa, yalikuwa miongoni mwa yale niliyoyafuta asubuhi. Kabati lilikuwa limeyashika. Nikayafungua, tukanisikia nikiuliza swali refu sana, na sauti ya kizee ikanikatiza: mwanangu, nimeacha maharage jikoni. Nikaendelea na swali. Maharage yanaungua, akasema. Nikauliza tena. Akacheka, kicheko kirefu cha kukwaruza, na akaniomba kwa Kirundi: "Reka ngende." Niache niende.

Mgeni wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mabega yalimtikisika, na sikujua ni kilio au kicheko mpaka alipoongea.

"Ego, ndiyo. Ndiye. Nipe hapo kwenye maharage. Maswali yako baki nayo."

Nikakata, nikamwekea kwenye simu. Akaisikiliza tena akiwa amesimama, kisha akatoka kutafuta bodaboda, kitenge cha pili begani. Nilitaka kumsindikiza mpaka barabarani. Fundi alikuwa bado kwenye simu.

"Mzee, usiondoke. Wamefungua data tu, jina lako bado limefungwa. Andika maelezo kwanza, kwa nini ulifanya kama mwizi."