Kichuguu cha Kurukia

Binti yangu alikuwa anaruka juu kuliko wasichana wote wa sekondari yake, na aliyemfundisha ni mimi. Aliyemharibia pia ni mimi.

Nyumbani kwetu Keza, wilayani Ngara, nilisimamisha miti miwili ya mkaratusi, nikaegesha ufito juu ya misumari, na upande wa kuangukia nikarundika majani makavu ya migomba. Upande wa kurukia nikajenga kichuguu kidogo cha udongo, kimo cha kifundo cha mguu, nikakishindilia. Ndivyo alivyoruka baba yangu, na wazee wake pia: unakimbia, unakanyaga kichuguu, kinakurusha.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya shule mjini Biharamulo, mwalimu wa michezo alikuja kwa pikipiki.

“Shikamoo mzee. Hicho kichuguu ukibomoe. Kule Biharamulo binti yako ataruka kwenye uwanja tambarare.”

“Marahaba. Wewe mwalimu uliwahi kuruka wapi?”

“Sijaruka, mzee. Nimesoma sheria tu.”

“Basi kasome tena.”

Aliondoka nikiwa bado nacheka. Binti alikuwa ameenda kuteka maji, na aliporudi sikumwambia.

Huko Biharamulo binti aliangusha ufito mara tatu, kwenye kimo cha kwanza kabisa, akatolewa. Watazamaji wakamzomea: “Huyo wa Ngara kashiba ndizi!” Akanijia huku anajifuta vumbi. “Baba, mguu haukupata pa kukanyaga.” Nikamjibu kwamba amezembea. Hakuruka tena.

Sasa ameolewa kijiji cha Nyamahanga, analima na mumewe. Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu. Tulikuwa tunachambua maharage uani, nikamsikia akimwambia jirani yake, “Mimi nilijaribu michezo shuleni, lakini mwili wenyewe haukuwa wa kuruka.” Walicheka wote wawili. Miaka yote hiyo ameamini hivyo, nami nimemwacha aamini. Magoti yangu yamechoka, lakini jambo hili limenichosha zaidi. Jirani alipoondoka nikamweleza yote, pamoja na kile kicheko changu.

Aliendelea kuchambua. “Mwalimu alikuja lini?”

“Wiki mbili kabla.”

“Wiki mbili,” akasema. Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. “Zingetosha, baba.”

Akainuka kwenda kuchochea moto. Nikamwomba radhi, lakini alikuwa ameshanipa mgongo, na sijui kama alisikia.