Madhabahu ya Mama Koti

Mtaani wanamwita Mama Koti, na wengi wanaomwita hivyo hawajui kwamba hajawahi kuvaa hata moja kati ya makoti anayoshona. Muda wa kuvaa angeutoa wapi? Fundi anayeshonea maduka haishi na majira kama mimi na wewe. Wenye maduka wanataka mzigo ufike kabla wateja hawajauhitaji, kwa hiyo jua likiwaka mpaka lami inalainika, yeye yuko ndani anashona makoti mazito. Sisi tukianza kujifunika mablanketi, yeye anapinda magauni mepesi ya joto. Na kichwa chake kigumu, hilo nalisema mapema ili msije mkashangaa. Akisema hapana, mwaweza kukesha mkimbembeleza, mtaondoka na hapana yenu mkononi.

Anaishi ghorofa ya pili na mama yake mzazi. Chumba cha mbele ndicho karakana: cherehani, meza kubwa ya kukatia, meza ndogo ya pasi chini ya dirisha, na dirisha lenyewe limefungwa mwaka mzima, maana vumbi la barabarani na kitambaa cheupe havipatani. Mama yake alikuwa mkulima. Macho yalipomzimikia kabisa, akaletwa mjini, akapewa kiti kando ya cherehani. Hakukubali kukaa bure. Nguo ikitoka kwenye sindano anaipokea mapajani, anaipapasa mshono kwa mshono, anakata nyuzi zilizobaki, anaikunja. Vidole vile havikosei uzi.

Basi, siku moja ya kiangazi, joto limewakaba watu koo, kaka yake Mama Koti akaja kuamkia. Kaka huyu ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji. Tusimsingizie, si mtu mbaya, mama yake anampenda. Ila ni mtu wa kuamua haraka, kama anayepima misumari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umevaa sweta lakini? Baridi hii isije ikakulaza."

Shati la kaka lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho. "Baridi gani, Mama?"

"Kipupwe si kimeshaingia? Hebu mwambie mdogo wako anitolee lile blanketi zito alianike."

Kaka akamtazama dada yake. Dada naye akajitia anatafuta mkasi. Wakatoka nje kwenye korido, mlango ukabaki wazi nusu.

"Mama anapotea," kaka akasema. "Hajui hata ni majira gani."

"Mzee yule, kaka. Kila mtu anasahau."

"Ndiyo maana nasema. Wewe umeinamia cherehani kutwa. Siku akifungua mlango akashuka ngazi peke yake, utajua saa ngapi? Kwangu chumba cha nyuma kipo, mke wangu ameshatandika kitanda. Kuna binti wa kumwangalia mchana, na mlango una kufuli."

"Kufuli?"

"Kwa usalama wake."

"Mama yangu hafungiwi kama kuku," alisema Mama Koti, na sauti ikapanda mpaka msusi wa chumba cha jirani akachungulia, sega mkononi.

Kaka akapunguza sauti. "Sikiliza, tusigombane. Mvua zikianza nitakuja na gari. Nitamuuliza mwenyewe tuko majira gani. Akijibu sawasawa, jambo hili sitalitaja tena mpaka nife. Akikosea, anapanda gari. Umekubali?"

Alitaka kumwambia kwamba mama si mtoto wa shule wa kupewa mtihani. Lakini alijua kaka yake akishatoa neno, halirudishi.

"Njoo," akasema. Basi.

Aliporudi ndani aliubamiza mlango. Akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Mama, niambie ukweli. Kwa nini umesema ni baridi?"

Mama akashangaa. "Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi? Lini?"

"Kila siku. Unanipa makoti. Huu mwezi wa ngapi sijui, napapasa makoti tu, mazito, yana bitana. Nikasema, kumbe baridi imeingia. Mimi na damu hii ya uzee baridi naisikia mwaka mzima, nitajuaje? Dirisha hulifungui. Najua kwa nguo zako."

Mama Koti akacheka, cheko likageuka kilio hapohapo. Mama hakuwa amepotea hata kidogo! Alikuwa anasoma kitabu alichopewa, na kitabu kilikuwa kinamdanganya. Na yeye mwenyewe je? Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoitazama mvua ikinyesha, akashindwa. Mvua za miaka yote zilipita nje ya dirisha lile huku yeye akishonea majira ambayo hayajafika. Ilimuuma sana.

Akajifuta machoni, akainuka, akaitoa pasi kwenye meza ndogo. Kuanzia siku ile alipiga pasi sakafuni juu ya shuka iliyokunjwa, mgongo ukimlilia, na hakulalamika kwa mtu. Akafungua dirisha. Komeo lilikuwa limeshika kutu, akaligonga kwa kisigino cha kiatu mpaka likaachia. Akashuka mtaani, fundi mzima na tepe yake shingoni, akaanza kuokota.

Aliokota bonge la udongo lililokauka likapasuka nyufa, kando ya mtaro. Akaokota maganda ya mbegu yanayolia kama njuga ukiyatikisa, na jani lililojikunja kwa jua. Akajaza bakuli maji, akaliacha dirishani yapate joto. Akavipanga vyote mezani na kuweka sharti moja: hakiwekwi hapa cha kununua, hakiwekwi cha kushonwa, hakiwekwi cha jana. Cha leo tu, kilichotoka nje.

Asubuhi yake, kabla cherehani haijalia, akamshika mama mkono, akamketisha mbele ya ile meza. Mama akapapasa. Vidole vikafika kwenye udongo, vikasimama.

"Haa! Kumbe kiangazi," mama akasema. "Kumbe bado kiangazi! Sasa tungekuwa tunachambua mbegu. Nzuri tunaweka huku, zilizotobolewa na wadudu tunawatupia kuku." Akatumbukiza ncha za vidole kwenye maji ya vuguvugu, akajipaka usoni, akashukuru Mungu kwa jua. Hakuna aliyemwambia ashukuru. Ikawa ndiyo desturi yao kila asubuhi: kupapasa, kusema tungekuwa tunafanya nini shambani, kushukuru, kisha kazi.

Habari hazilali mtaani. Msusi alikuja, akashika kiuno mlangoni. "Jamani, Mama Koti! Umejenga madhabahu?"

"Nimejenga. Leta sadaka."

"Watu watasema unaroga."

"Waambie wa kwanza kurogwa ni wewe, labda utaacha kuchungulia mlangoni kwangu."

Msusi akacheka mpaka akakaa chini, lakini kesho yake aliletea meza ile unyoya wa ndege alioukuta kizingitini. Tangu hapo kila mwenye kupita ngazi akawa na neno. Mwenye duka mmoja alikuja kulalamika kwamba makoti yamepata vumbi kwa sababu ya dirisha. Mama Koti akayakung'uta mbele yake moja baada ya lingine, akamrudishia, na dirisha halikufungwa. Na mama akabadilika, tena si kidogo. Akaanza kuuliza upepo unatoka wapi. Akaanza kumkosoa binti yake: "Jani hili la jana, linanukia ndani. Niletee la leo."

Sasa sikieni jinsi binadamu anavyoweza kujikwaa mlangoni kwake mwenyewe.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, maduka yakaagiza magauni ya joto, mengi na ya haraka, pamba nyeupe tupu. Mama Koti akazama. Kwa ajili ya weupe ule akasema, acha nifunge dirisha siku chache tu. Meza ikabaki kama ilivyokuwa. Asubuhi wakawa wanaipitia haraka haraka, halafu wakaacha kabisa. Mvua ya kwanza ilinyesha wakiwa wamelala. Juu yao kuna ghorofa nyingine, bati hawalisikii, na yeye kwa uchovu alilala fofofo. Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Hakutazama nje.

Hodi ikapigwa mapema. Kaka.

Alikuwa amevaa vizuri, funguo za gari mkononi. Mama Koti alipoona miguu ya suruali yake imelowa, akajua mvua zimeanza. Akageuka kutazama. Dirisha limefungwa. Mezani udongo mkavu wenye nyufa, maganda ya mbegu, jani la kiangazi. Mapajani mwa mama, gauni jepesi la joto. Kila kitu chumbani mle kilikuwa kinasema uongo, na ni yeye aliyekipanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nina swali moja. Sasa hivi tuko majira gani?"

"Kaka, ngoja kwanza nikwambie..."

"Usimsaidie. Tulikubaliana."

Mama Koti akauma ulimi. Kweli aliuma, alionja damu. Akamtazama mama yake akiliweka gauni kando, akiinuka, akipapasa ukingo wa meza ya kukatia mpaka akaifikia meza ndogo. Vidole vikashuka kwenye udongo mkavu. Vikagusa maganda, yakalia. Vikagusa jani, likavunjika. Kaka akashusha pumzi, akaanza kuzungusha funguo kidoleni.

Mama akakunja uso.

"Hivi ni vya zamani," akasema. "Sharti la hapa ni cha leo. Cha leo kiko wapi?"

Mama akajinyoosha juu ya meza, akalitafuta komeo, akalivuta. Dirisha likafunguka, na harufu ikaingia chumbani yote kwa mpigo. Akatoa mkono nje, akaupitisha kwenye ukingo wa dirisha, akaurudisha ndani unachuruzika maji. Akajipaka usoni.

"Mvua zimeanza," akasema. "Zimenyesha usiku, zitanyesha tena leo. Kipofu ni mimi, na nyinyi wenye macho ndio mnaoniuliza?"

Kaka akaacha kuzungusha funguo.

"Na wewe," mama akamgeukia, "nimekusikia ukifuta viatu mlangoni mara mbili tatu. Tope unalo. Shuka ukaniletee udongo uliolowa. Na usiniletee mchanga wa dukani kwako."

Mtu mzima akashuka ngazi, mwenye duka, na suruali yake ya pasi. Aliporudi alikuwa amekumbatia tope kwa mikono miwili, likimdondokea kwenye viatu. Mama akamshika vifundo vya mikono, akamwelekeza mezani.

"Weka. Haya, sema. Sasa tungekuwa tunafanya nini?"

Kaka akalisawazisha tope kwa vidole. "Tungekuwa tunapanda," akasema. "Wewe mbele unachimba. Mimi nyuma natia mbegu."

"Na huyu?"

"Mgongoni kwako. Analia."

"Alikuwa halii," mama akasema. "Alikuwa anakudai mbegu."

Mama Koti aliyatupa yale maganda nje, akaulaza mkono wake juu ya mikono yao, tope na yote, na moyo wake ulikuwa umejaa.

Mama ndiye aliyejitoa kwanza. Akarudi kwenye kiti chake, akajifutia vidole kwenye kanga, akalivuta gauni mapajani, akaanza kutafuta nyuzi.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Ukifika nyumbani, mwambie mkeo akitandue kile kitanda."