Mlima Kwenye Chupa ya Maziwa

Sokoni walimwita Mama Vikopo, na jina hilo alilichuma mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alipita kwenye meza za wauzaji na kapu lake, akinunua maharage kilo moja, mchicha fungu moja, unga, ndizi, kisha akavigawa kwenye vikopo na kuviandika tarehe hapo hapo, watu wakimtazama. Walipomuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba anapima mionzi kwenye vyakula. Na unaikuta? Ya kudhuru, hapana. Miaka yote hiyo? Miaka yote hiyo. Basi wakacheka mpaka wakashika mbavu: kumbe kuna mtu analipwa mshahara ili asione kitu.

Ilimkera, msione alikuwa akitabasamu. Maana kitu kilikuwapo, ila kidogo na cha kawaida. Ndizi, maharage, udongo, hata mifupa ya huyo anayecheka, vyote vina potasiamu, na potasiamu ina mionzi yake tangu dunia iumbwe. Kwenye kioo cha kompyuta ilichora mlima mmoja mwembamba, upande wa kulia, mahali pale pale kila siku. Chini yake Mama Vikopo aliandika maneno yale yale: hakuna kitu cha kutia shaka. Mumewe alimtania kwamba hata siku akipika wali ukaungua, ataandika hivyo hivyo.

Sasa, Jumatatu moja saa mbili asubuhi, alivaa koti lake jeupe na kuketi mbele ya mtambo wa kupimia mionzi. Humo, ndani ya sanduku nene la madini ya risasi linalozuia mionzi ya nje isiingie, ilikuwapo chupa ya maziwa iliyopimwa tangu Ijumaa jioni. Aliamsha kioo. Mlima wa potasiamu ulikuwa mahali pake. Na kushoto kwake ulisimama mlima mwingine.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Mlima haukuondoka. Na tusimfichie aibu yake: alifurahi. Miaka kumi na tisa ya mstari ulionyooka, na leo kimejitokeza kitu ambacho yeye peke yake duniani amekiona. Alifungua jedwali, ingawa jibu alilijua kichwani. Ilikuwa iodini yenye mionzi.

Akasoma chupa ilitoka wapi, na furaha yote ikamtoka.

Ilitoka kituo cha kukusanyia maziwa cha mlimani. Wafugaji mia mbili hupeleka maziwa yao pale, na mmoja wao ni shangazi yake, aliyemchukua akiwa na miaka minne na kumkuza kwa maziwa ya huko huko. Kanuni ya maabara ilikuwa wazi: iodini ya namna hiyo haina kazi kwenye maziwa, hivyo ikionekana hata chembe, kituo kinafungwa mpaka chanzo kijulikane. Mkuu wa maabara, mtu wa kanuni lakini si mtu mbaya, alitazama kioo. Akaagiza maziwa ya mlimani yazuiwe kwenye matangi, yasiuzwe. Akampa Mama Vikopo mpaka kesho saa nne. Baada ya hapo maziwa yatamwagwa na kufuli litatiwa mlangoni.

Mama Vikopo hakukaa kulia. Alipima maji ya kisima cha mlimani, yaliyoletwa pamoja na chupa ile: safi. Akapima udongo wa malishoni, akapima majani wanayokula ng'ombe: safi, safi. Hapo akaanza kuzunguka chumbani akiongea peke yake. Ng'ombe hawezi kula hewa. Kama iodini haipo kwenye majani wala kwenye maji, imepitia wapi ikaingia kwenye maziwa? Tena iodini hii si ya kukaa. Kila siku nane hupungua nusu, kwa hiyo ilikuwa imetoka mahali fulani juzi juzi tu. Kulikuwa na kitendawili mezani, na hofu aliyokuwa nayo haikumzuia kukifurahia.

Alasiri alipanda gari la maabara, akasema safari hii anakwenda kuchukua sampuli mwenyewe. Aliyeendesha ni Dereva, ambaye kwa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akizichukua: mtu mpole, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, amerudi kazini wiki iliyopita kutoka likizo aliyosema aliitumia ukweni. Siku zote alikuwa mcheshi njia nzima. Siku hiyo hakutia neno, na joto lote lile alikuwa amefunga shati mpaka kifungo cha juu kabisa.

Shangazi alikuwa akiwasubiri mlangoni pa kituo, kanga kiunoni. Mama Vikopo alimwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha yule mama akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, maziwa yangu yana sumu?"

"Sijui bado, shangazi."

"Nimewalea wangapi kwa maziwa haya?"

Mama Vikopo alichukua chupa zake garini. Aliingia ndani, akamwambia Dereva afanye kazi kama anavyofanya kila siku, yeye atasimama tu na kutazama. Dereva akachukua chupa mpya, akafungua kifuniko, akaiweka mdomoni na kuipuliza kwa nguvu, fuu. Ndipo akaikinga kwenye bomba la tangi.

"Kaka, ngoja. Hapo umefanya nini?"

Dereva alishangaa. Alimkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfokea, mwaka wake wa kwanza, kwa sababu ya vumbi kwenye chupa. Chupa za maji husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale ya sampuli, na udongo hutiwa mifukoni. Lakini za maziwa hazisuuzwi, basi tangu siku ile alikuwa akizipuliza. Hata chupa moja hakuwahi kuiruka.

Basi hata chupa ya Ijumaa ilipulizwa, Mama Vikopo aliwaza. Alijaza chupa nyingine kwa mkono wake, bila pumzi ya mtu yeyote. Kisha akampa Dereva chupa tupu, akamwomba aipulize tena na tena, kisha aifunge vizuri. Dereva alipuliza, akamrudishia bila kumtazama usoni.

Jioni hiyo aliiweka chupa safi ya maziwa ndani ya mtambo, akauacha uhesabu. Nyumbani alitia chumvi kwenye chai, mumewe akainywa kimya kimya.

Saa kumi na mbili asubuhi alikuta Dereva ameketi kwenye ngazi za maabara. Waliingia pamoja. Kioo kilionyesha potasiamu peke yake, na kushoto mstari ulionyooka kama uzi. Mama Vikopo alijikuta akicheka huku machozi yakimtoka. Maziwa ya shangazi yalikuwa mazima. Akatoa chupa ile, akaweka ya pumzi. Haikuchukua hata nusu saa: nukta zilianza kupanda upande wa kushoto, moja moja, mpaka mlima ukasimama.

Dereva aliutazama. Taratibu akafungua kifungo cha juu cha shati, na shingoni uvimbe ukaonekana.

"Sikwenda ukweni," alisema. "Nilikuwa hospitali. Walinimezesha kidonge cha iodini ya mionzi, cha kutibu uvimbe huu, wakaniambia nikae mbali na watoto. Sikuwaambia nyinyi, nikijua mtaninyang'anya ufunguo wa gari. Na kila usiku nauliza, hiki kidonge kimeingia, au nimekimeza bure?"

Mama Vikopo aligusa kioo kwa kidole, pale kileleni.

"Kimeingia, kaka. Hiki hapa."

Saa nne kasoro dakika ishirini barua ilitiwa saini na matangi yakafunguliwa. Mkuu aliagiza Dereva asiguse sampuli mpaka hospitali imruhusu, na ufunguo wa gari akamwachia. Kanuni mpya ikabandikwa ukutani: hakuna kupuliza chupa. Mama Vikopo aliomba iandikwe chini yake kwamba kosa lilikuwa lake, la kumfokea mtu bila kumwonyesha namna.

Lakini chupa moja iliendelea kupulizwa. Kila Jumatatu, kabla ya kazi, Dereva alijaza yake, nao wakakaa viti viwili mbele ya kioo. Mlima ulishuka ukawa kilima, kilima kikawa tuta, huku na shingo ikinywea mpaka daktari akaridhika. Jumatatu ya mwisho walikaa saa nzima wakingoja, na upande wa kushoto haikupanda hata nukta moja.

Mama Vikopo alichukua kalamu. Akaandika maneno aliyoyaandika kwa miaka kumi na tisa, ila safari hii Dereva ndiye aliyemshikia karatasi: hakuna kitu cha kutia shaka.