Siku Televisheni ya Ukweni Iliponichongea

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Upendo ameshaitangaza nusu ya Tengeru, na kila anaporudia anaongeza chumvi.

Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi yake washenga wetu walikuwa wapeleke posa yangu kwa baba yake Upendo, mzee wa kanisa, ambaye alishasema waziwazi kwamba kwake mnywaji hapewi mke, ng'o! (Na mimi, tusidanganyane, Jumamosi bila bia mbili tatu pale Usa River nilikuwa naiona haijaisha.)

Sasa huyo mzee ni katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa, laptop yake imeunganishwa na mafaili ya wenzake, mmoja akigusa tu faili, laptop inalia ding! na kijisanduku cha taarifa kinachomoza pembeni, kutwa nzima. Akaniita. "Kijana, Upendo anasema wewe ni mtaalamu. Hiki kitu kinanipigia kelele kuliko mbuzi."

Mtaalamu! Kichwa kikavimba. Badala ya kumzimia kimyakimya nijiondokee, nikajitia mwalimu, nikachomeka laptop yangu mimi kwenye televisheni ya sebuleni, familia nzima ijifunze: mzee, mama, shangazi wawili na Upendo.

"Baba, ni kuzima taarifa tu. Mimi kwangu..."

Ding! Lazaro ameongeza faili: Hotuba ya posa.

Lazaro ni kaka yangu, yuko Lemara anawaandikia washenga maneno, na folda ni yetu sote wawili. Shangazi wakapiga vigelegele. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Ding! Lazaro ameongeza faili: Sifa za mzee, hata zisizo kweli.

Nikaanza kutafuta pa kuzimia, nafungua pa kubadilisha lugha.

Ding! Lazaro ameongeza faili: Wakiuliza kama anakunywa.

Ding! Lazaro ameongeza faili: Wakiuliza kama anakunywa, JIBU JIPYA.

Nikaurukia waya. Mzee akainua mkono.

"Acha. Tusubiri la mwisho."

Tukasubiri! Watu sita tumekodolea televisheni macho, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, na la mwisho halikuja (Lazaro alikuwa ameenda kula).

"Basi jibu wewe. Unakunywa?"

Upendo akaangalia zulia. Nikajua nikidanganya hapa nimemkosa, na nikisema kweli pia nimemkosa.

"Nakunywa, baba. Bia. Jumamosi."

"Ngapi?"

"Mbili." Shangazi mmoja akakohoa. "Tatu."

Mzee akatoa hukumu. "Washenga waje. Ila wewe Jumamosi zako zote mpaka harusi ni zangu. Kahawa imeiva, na wachumaji sina."

Nimeoa, namshukuru Mungu, na bia nimeacha, si kwa wokovu, ni mgongo, kahawa ya mzee iliumaliza. Lakini laptop yangu siichomeki tena kwenye televisheni ya mtu, hata wakiniita profesa.