Nusu ya Filamu, Nusu ya Bei

Mpiga pasi wa mtaa wetu, ambaye sote tunamwita Kunyanzi kwa kuwa hakuna kitu anachokichukia duniani kama hicho, alikuwa hajawahi kuona mwisho wa filamu hata moja. Si kwamba hakuwa mtazamaji. Alikodi filamu karibu kila siku. Ila mtu aliyesimama tangu alfajiri ndani ya mvuke, akinyoosha suruali za watu wenye haraka, akishakaa kitini jioni macho yake huwa kama ofisi ya serikali mchana: yanafungwa bila taarifa.

Shujaa anapanda farasi, Kunyanzi analala. Binti anafungua bahasha mikono ikimtetemeka, Kunyanzi analala. Lakini humo usingizini filamu haikatiki. Farasi anaendelea kwenda, anavuka mto uliopigwa wanga ukanyooka kama shuka, anafika kwenye mji ambao mawingu yake yametundikwa kwenye henga za nguo. Kidevu kinagusa kifua, na yeye bado anatazama.

Asubuhi alirudisha diski kwa Mama Diski, mjane wa makamo mwenye miwani mizito, aliyekuwa na kibanda cha kukodisha filamu ubavuni mwa mashine ya kusaga. Mama Diski alimwuliza kila mteja swali moja tu.

"Imeishaje?"

Wengine walijibu, "Kama kawaida." Wengine, "Wamekufa wote, nipe nyingine." Kunyanzi yeye aliegemea kaunta, akashusha pumzi, akaanza.

"Yule jambazi mkuu hawakumpiga risasi. Walimpa kikapu cha mayai, wakamwambia apite nyumba kwa nyumba akiomba radhi, na kila yai likivunjika aanze upya."

"Ehe?"

"Mpaka naondoka, alikuwa nyumba ya tatu."

Na asidhani mtu kwamba alikuwa anadanganya. Alikuwa ameona, kwa macho yake mawili yaliyofumba. Mahali filamu ilipoishia na ndoto ilipoanzia hapakuwa na mpaka wala askari wa kugonga muhuri.

Mama Diski alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha akainama chini ya kaunta, akamtolea diski nyingine, kwa nusu ya bei wanayolipa wengine. Kwa nini nusu, Kunyanzi hakujua, na mwenye akili hamwulizi muuzaji aliyepunguza bei.

Dada yake ndiye aliyeuliza. Huyu dada, karani mstaafu, alikuwa amemzidi mdogo wake miaka michache na sauti nyingi. Alifika kuchukua gauni lake, akamkuta anafunga mlango kuwahi kibandani.

"Hebu nieleze, mdogo wangu. Unatembea kwenda kulipa. Unatembea kurudi. Kesho unatembea tena kurudisha. Ukichelewa, faini. Hiyo ni starehe au kifungo cha nje?"

"Mimi ananikatia nusu, dada."

"Nusu? Kwa lipi?"

"Sijui. Labda uso wangu."

"Uso huo? Angekuongezea."

Basi dada akaanza kampeni ya kumwokoa ndugu yake kutoka kwenye ujinga wa matumizi. Kwanza akampeleka kwa kijana wa kujaza filamu kwenye flashi, anayekaa baina ya fundi viatu na muuza kufuli. Pale filamu moja ni bei ya kiberiti, na hakuna kurudisha. Rahisi kweli! Ila moja ilikuwa imerekodiwa kwa siri ndani ya ukumbi wa sinema na mtu mwenye mafua, kila busu likisindikizwa na chafya. Nyingine, iliyoandikwa kuwa ni ya mapenzi, ilikuwa somo la kuchomelea vyuma. Kunyanzi aliitazama muda mrefu kuliko zote, akalala kwenye sehemu ya vifaa vya usalama.

Kisha banda la video. Hapo ni nafuu kupita zote: unalipia kiti, na joto la majirani unapewa bure. Alilala begani kwa mwanamume asiyemjua, akakoroma wakati bibi harusi anasema ndiyo, wakamtoa nje yeye na kiti chake. Kiti hakikuwa chake. Walikosea kwa hasira.

Mwisho dada akampa zawadi ya simu, na ndani yake huduma ya filamu ya kulipia mara moja kwa mwezi.

"Dunia nzima kiganjani," alisema. "Hutembei, hurudishi, hupigwi faini. Gawa malipo kwa idadi ya filamu, utaona kila moja ni kama bure."

Wachumi wangempigia makofi. Lakini filamu zilikuwa nyingi kama nguo za hoteli. Kunyanzi aliperuzi, akaperuzi, akalala kabla ya kuchagua, na kwenye ndoto pia akawa anaperuzi. Siku alizofanikiwa kuchagua, filamu ilijichezea yenyewe juu ya mto wake wa kulalia hadi bando likaisha: kama kumlipa mwimbaji aje amtumbuize mtu aliyezimia.

Hayo angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni asubuhi. Aliamka na mwisho mpya mdomoni, mtamu, bado una moto. Bibi harusi amewaacha wachumba wote wawili, amefungua karakana ya baiskeli, na baiskeli zinaruka. Lakini aupeleke wapi? Simu ilimwuliza anatoa nyota ngapi. Alibonyeza tano, simu ikasema ahsante, ikanyamaza. Siku moja alijikuta anayasimulia mashati. Mashati yanasikiliza vizuri, ila hayacheki.

Mwezi ukapita hivyo. Ndipo mteja mmoja, mhandisi mwenye suruali za kijivu, akatupa habari kama mtu anayesema mvua itanyesha.

"Yule mama wa diski anafunga. Jumamosi anapanda basi, anahamia kwa mdogo wake, mji mwingine kabisa. Nani anakodi diski siku hizi?"

Kunyanzi aliinua pasi. Hapo ndipo alipojua kwamba filamu hazikuwa shida yake hata kidogo. Hata aambiwe atazipata bure maisha yake yote, asingepata yule mtu wa kumwuliza imeishaje. Alimwacha mhandisi na mguu mmoja wa suruali ulionyooka, akatoka.

Kibandani rafu zilikuwa tupu. Mama Diski alikuwa anafunga maboksi kwa kamba.

"Karibu, bwana wa kiganjani," alisema bila kugeuka.

"Kumbe unaondoka?"

"Mwenye kibanda anataka kodi, wateja wanataka simu. Mimi nataka nini, hakuna aliyeuliza."

"Simu ni nafuu," alisema Kunyanzi, ulimi ukimteleza, kisha akajirekebisha haraka. "Nafuu, ila haina pa kurudishia."

Mama Diski akageuka. Akasukuma kwa mguu boksi moja lililokaa peke yake.

"Hili ni lako."

Ndani mlikuwa na diski alizozijua. Zilikuwa na mikwaruzo kama zimechezewa na paka.

"Zote hizo zinakwama katikati," alisema Mama Diski. "Kila aliyekodi alirudi kunitukana na kudai hela yake. Nilitaka kuzitupa. Halafu wewe ukarudisha ile ya treni, ukaniambia abiria walishuka wakakuta dereva ni bibi yao. Mimi naijua diski ile! Inakufa treni ikiingia handakini. Nikajiuliza, huyu kaona wapi? Nikakupa nyingine. Na nyingine."

"Ndiyo maana ya nusu bei?"

"Nusu filamu, nusu bei. Mimi si mwizi."

Kunyanzi alizigeuza zile diski mkononi. Mwanga wa mlangoni ukazirukia, ukamwaga rangi ukutani, kila diski na kijiwingu chake.

"Kwa hiyo sijawahi kuona mwisho wowote."

"Hujawahi. Na mimi sikuwahi kucheka asubuhi tangu nifiwe, mpaka ulipoanza kulala."

Mashine ya kusaga ilinguruma upande wa pili.

"Usiende," alisema Kunyanzi.

"Nibaki na nini? Na kodi?"

"Pale kwangu kuna ukuta mzima umekaa bure. Nguo naning'iniza upande mmoja tu."

"Unanikaribisha ukuta, au unanichumbia?"

"Naanza na ukuta."

Mama Diski hakucheka. "Nitafikiri," alisema, akarudia kamba zake, akapiga mafundo magumu, ya mtu anayesafiri.

Jumamosi Kunyanzi alipiga pasi akiwa ameipa barabara mgongo ili asiyaone mabasi. Dada yake alikuwepo, ameketi na gauni mapajani, akieleza kwamba ile huduma ya filamu ingeweza kupunguzwa bei iwapo angelipia mwaka mzima. Mvuke ulipanda, na ndani yake Kunyanzi aliona basi lisilo na magurudumu likielea polepole juu ya mapaa, na mtu mmoja dirishani akifuta miwani.

"Mama, tulikubaliana stendi!" ilifoka sauti ya mvuta mkokoteni nje.

"Stendi ni mbali, hapa ni karibu. Nipunguzie."

"Nimegeuza mkokoteni mlimani na mzigo wote huu, unataka punguzo?"

"Ulipogeuza ulikuwa unateremka. Hiyo nayo ni kazi?"

Kunyanzi hakugeuka mara moja. Aliogopa ataamka.

"Na umeme atalipa nani?" aliuliza dada, akiyaona maboksi mlangoni.

Mama Diski aliingia, mvuke ukampofusha miwani. Akaivua, akaufuata ukuta kwa kiganja hadi alipogusa safu ya nguo.

"Hizi zisogee," alisema. "Rafu inaanzia hapa."

Kunyanzi akazikumbatia zote pamoja, suruali na mashati ya mtaa mzima, zingali na moto, akazisogeza.