Maua Sita Kwenye Kiti cha Rufina

Rufina Arkadyevna alikuwa na pacha wa kutunza. Si mtoto. Ni chumba cha chuma kilichosimama ndani ya jengo moja la Korolyov, karibu na Moscow, kilichofanana kwa kila kitu na chumba kingine kilichokuwa kikizunguka juu, kwenye kituo cha anga. Wanaanga wakihamisha waya kule juu, Rufina naye anahamisha hapa chini. Wakibandika mkanda kuziba ufa, naye anabandika palepale, ingawa chake hakina ufa. Hivyo kule juu kikiharibika kitu, mafundi hujaribu dawa kwa pacha kwanza. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, na sasa ni bibi mwenye wajukuu.

Basi ikasemwa kwamba cha juu kimechoka. Kitatenganishwa na kituo, kiangushwe kiungue, na kipya kishike nafasi yake. Mkuu wao, Vadim Genrihovich, akatangaza asubuhi mbele ya wote, "Pacha na vyote vinavyomhusu vitoke, ili mpya apate pa kuingia."

Rufina akayarudia maneno hayo moyoni. Ngazi inamhusu pacha. Ndoo inamhusu. Na yeye je?

Akamuuliza Taisia, mwenzake wa meza ya jirani, "Eti na mimi natoka?"

"Kwani wewe ni ngazi?" Taisia akacheka.

"Nakuuliza kweli."

"Kweli sijui, Rufa. Si umuulize mkuu?"

Hakuthubutu. Akiuliza, atajibiwa.

Siku ya kukitenganisha, wote walijazana mbele ya kioo kikubwa cha picha za kutoka angani. Chumba kikaachia taratibu, kikawa kama chupa, kikawa nukta. Wengine wakapiga makofi, wengine wakafuta macho. Rufina akainua mikono, akaishusha, akaiinua tena. Hakujua kama ile ni harusi au ni nini.

Aliporudi kwa pacha alikuta meza imeandaliwa: chapati za maji, ngano iliyochemshwa na kutiwa asali na zabibu, glasi za vodka. Chakula cha matanga kabisa, kwa desturi za kwao. Na juu ya kiti chake, maua mekundu. Akayahesabu kwa macho. Sita. Aliye hai hupewa maua ya witri, kama matatu au matano; ya shufwa, kama mawili au sita, ni ya kaburini. Kwao hilo hata mtoto analijua.

"Karibu, Rufina Arkadyevna," akasema Gleb, fundi kijana. "Tumuage marehemu."

Wakanywa bila kugonganisha glasi, kama inywewavyo matangani. Mkuu akakisifu chumba: kilivumilia, uzeeni kikawa kinavuja, na nani havuji? Watu wakacheka chini chini. Rufina alisimama tu na maua mkononi.

"Samahani," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hapa kuna marehemu wangapi?"

Watu wakamgeukia.

"Mmoja," akasema mkuu. "Yule wa juu."

"Sasa maua yake yanafanya nini kwenye kiti changu?"

Gleb akawa mwekundu mpaka masikio. "Meza ilijaa, mama. Haki ya Mungu, sikufikiri."

"Na mimi natoka na pacha, au nabaki?"

Vadim Genrihovich akajifuta mdomo. Akaweka glasi chini, akatoka kwenda kupiga simu. Waliobaki wakatafuna bila kutazamana.

"Kula basi," Taisia akamnong'oneza.

"Nile kama nani? Mfiwa au maiti?"

Mkuu alirudi akijikuna shingo. "Nimewauliza wanaoshughulikia wafanyakazi. Kwenye orodha ya wanaotoka, humo. Kwenye ile ya wanaobaki, humo pia."

"Sasa niko wapi?"

"Hata wao wanashangaa. Nikawaambia, basi huyo pacha mpya ni wa Rufina kumtunza."

"Wakasemaje?"

"Wakasema sawa. Au walisema subiri. Simu ilikuwa inakwaruza."

Pacha mzee akakatwakatwa, akatolewa vipande vipande. Mpya akaingizwa kwa winchi, akinuka rangi. Hakuna aliyekuja kumzuia Rufina, wala aliyekuja kumthibitisha. Akavaa koti lake la kazi, akapanda, akaingia. Ndani giza. Akapapasa ukutani upande wa kulia, pale mkono wake ulipozoea kwenda wenyewe. Ukuta laini, hauna swichi.

"Washa taa basi!" Gleb akaita kutoka nje.

"Naitafuta," akasema Rufina, akaanza kupapasa upande wa pili.