Bodi Iliyokataa Kukaa

Mimi ni fundi wa kushona, si fundi wa magari. Nalisema mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Vulamba walinicheka sana waliponiona nikinunua rezini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu kama plastiki, kwa mziba bodi za magari wa kando ya barabara. Walisema cherehani yangu imeota magurudumu. Acha wacheke, kicheko hakitozwi ushuru. Nyumbani kwetu kulikuwa na mtu anakufa akiwa ameketi kitini, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Ilikuwa miaka ya vita, miji yetu ya Butembo na Beni ikiwa mikononi mwa waasi, na kila mlima una wenye bunduki wake. Kamiyo ya baba, lori lake la mizigo na abiria, iliondoka Butembo kwenda Mangina. Siku hiyo baba alikuwa na malaria, kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyeshika usukani. Ilipopita Kalunguta ikatekwa mlimani. Abiria walishushwa wakarudi kwa miguu. Kaka aliamriwa aendelee kuendesha, na hatukumwona tena, yeye wala kamiyo.

Baba alipona malaria akaacha kusema. Alikula kile tu ambacho mama alimtia mdomoni kijiko kwa kijiko, na nusu yake alikitema. Mama alimsomea rozari, akambembeleza, akamgombeza. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Mimi nilikuwa na hasira naye, nisifiche. Nilikuwa nimempoteza kaka, na sasa baba alikuwa anajipeleka mwenyewe.

Jirani yetu, Haji mmoja msafirishaji, ndiye aliyetuletea kikasha. Alikikuta katikati ya shehena yake iliyotoka Dubai: gari dogo la kuunganisha, lenye fremu ya chuma, ekseli, na magurudumu ya mpira yanayozunguka kweli. Vyote vilikuwa vizima isipokuwa bodi, ganda lake la nje. Ile ya plastiki ilikuwa imepondwa na mizigo.

"Mupe muzee," Haji aliniambia. "Mukono ikipata kazi, pengine kinywa nayo itafunguka."

Niliiweka fremu mapajani mwa baba. Akaigeuza, akazungusha gurudumu moja kwa kidole, kisha akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Bodi iko wapi?" Mama alikuwa anachambua maharage. Alianza kulia palepale, na mimi nikaapa moyoni kwamba bodi itapatikana hata kama ni kuila hiyo rezini.

Baba alichonga mfano wa kamiyo yake kwa kisu cha jikoni, kwenye kipande cha mparachichi, mti ambao ni laini. Alichonga kwa kukumbuka tu: kabini yenye pua pana, mbao zilizoongezwa ubavuni, kila kitu. Nikaufunika mfano kwa plasta, ule unga mweupe unaoganda ukikorogwa na maji, nikautoa, na ndani ya plasta pakabaki kalibu, shimo lenye umbo la kamiyo. Kilichobaki ni kumimina rezini na dawa yake ya kugandisha. Mziba bodi aliniambia ni kazi rahisi. Yeye huziba matundu, hajawahi kumimina gari zima.

Bodi ya kwanza haikukauka. Asubuhi za Butembo ni baridi, na dawa niliyouziwa ilikuwa imezeeka koponi. Iliyofuata niliitia dawa nyingi kwa hasira, ikachemka yenyewe, ikatoa moshi, ikapasuka, na ilipopoa ilikuwa imesinyaa, fupi kuliko fremu. Kitambaa nacho husinyaa, ndiyo maana tunakiloweka kabla ya kukata. Rezini hailoweki. Kwa nyingine nilipaka kalibu mawese ili isishike, ikatoka kwa upole kama mkate, lakini paa lilijaa matundu ya hewa, na rangi ilichubuka kwa sababu ya mafuta. Nyingine tena niliitoa kabla haijakomaa. Haraka haina baraka, nalijua hilo tangu utotoni, na bado niliitoa. Ikajipinda. Niliilainisha kwenye maji ya moto na kuinyoosha chini ya pasi yangu ya makaa, na pua ya kabini ikabaki inatazama Uganda.

Kila mara baba alipapasa kwa kidole gumba na kusema, "Hapana." Halafu aliuliza, "Ingine iko lini?" Maneno yake yote yalikuwa ya bodi. Kaka hakumtaja. Lakini alikula wakati wa kungoja, akishika kijiko mwenyewe, na kwa ajili ya hilo ningemimina rezini mpaka kiyama.

Mwishowe ilitoka bodi safi, nyoofu, bila tundu. Nikaikalisha kwenye fremu na magurudumu yakagoma. Bodi ilikaa chini mno, imeyabana matairi kwa juu. Nilipima, nikapima tena, urefu sawa, upana sawa. Jibu lilinijia nikiwa namshonea mteja blauzi. Mwanamke akija na mtoto mgongoni na wewe ukampima hivyohivyo, blauzi haitamkaa akimshusha. Baba alikuwa ameichonga kamiyo ikiwa na mzigo, imelalia matairi. Fremu ile ya ng'ambo ilisimama juu, kama gari tupu linavyosimama. Lakini kwetu nani aliwahi kuona kamiyo tupu? Inakwenda na viazi, inarudi na mawese, na juu ya mawese watu na mbuzi wao. Nilicheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu kaka apotee.

Nikaukata mfano juu ya magurudumu, nikafanya kalibu mpya, nikamimina. Bodi ilikaa. Gari lilitembea juu ya meza kutoka kwangu mpaka kwa baba, na mama, aliyekuwa amesimama nyuma na sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, akasema, "Asante Yesu."

Baba aliipima uzito kiganjani, akairudisha mezani.

"Iko tupu," akasema.

"Baba, ni kadogo, hakana mizigo."

"Ile ya siku ile ilikuwa na mizigo. Nilipakia miye, kabla homa inilalishe." Hakuniangalia. "Kaka yako alisema, Baba, imezidi, tushushe magunia. Nikamukatalia. Nikamuambia, nani alikufundisha kuendesha? Ku mulima haikuweza kukimbia. Abiria moya alinielezea. Bale batu ba bunduki habakukimbia hata. Balitembea tu pembeni yake, kama batu banaenda ku soko, bakafungua mulango."

Akaisukuma ile kamiyo ndogo kwa kidole. Ilikuwa nyepesi, ikaenda mbali.

"Kama ilikuwa hivi, angebapita," akasema.

Niligeuka. Mama aliiweka sahani mezani taratibu, bila kumwaga hata mchuzi. Miezi yote ile alikuwa amewalaani wenye bunduki, asubuhi na jioni, na laana ile ndiyo iliyokuwa inamsimamisha. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akatoka nje.

Baba hakunyamaza tena tangu siku hiyo. Alikula mwenyewe, aliomba chumvi, aliuliza habari za mvua na za barabara. Kile tulichokitafuta kwa rezini yote ile tulikipata. Mama alihamishia mkeka wake chumbani kwangu, kando ya cherehani. Aliendelea kumpikia, na mimi nikawa mpeleka sahani. Baba alimwita kupitia ukutani, kwa upole, kama kijana anayechumbia, akingoja kidogo kila baada ya kuita. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na mama hakumjibu neno.